Kambi ya gari-nyumba milimani: Pima gari, uliza mto, kisha ulipe

KILA ifikapo Juni, theluji ikishayeyuka kwenye njia za juu za milima ya Rocky, barabara za magharibi mwa Marekani hujaa magari ambayo mgeni kutoka Afrika Mashariki huyatazama mara mbili. Ni magari marefu, mengine yakikaribia urefu wa basi la abiria, na ndani yake mna vitanda, jiko, friji, choo na bafu. Mengine hayana injini, bali ni matrela yanayokokotwa na pikapu. Wenyewe huyafupisha kwa herufi mbili, RV. Kwa Kiswahili, jina la gari-nyumba linatosha kuyaeleza.

Miongoni mwa wanaoyakodi zimo familia za Wakenya wanaoishi huko, hasa zinapopokea jamaa waliokwenda kuzitembelea shule za nyumbani zikiwa zimefungwa mwezi wa Agosti. Hesabu yake huonekana rahisi: watu sita wakilala ndani ya gari moja, gharama ya hoteli inaepukwa na ugali unasongwa papo hapo.

Lakini Agosti ndiyo kilele cha msimu. Mbuga ya Rocky Mountain katika jimbo la Colorado ilipokea zaidi ya wageni milioni 4 mwaka 2023, na idadi kama hiyo mwaka 2024. Yellowstone, ambayo sehemu yake kubwa iko katika jimbo la Wyoming, ilizidi milioni 4.5 katika kila mmojawapo wa miaka hiyo. Kwa kulinganisha, Kenya nzima ilipokea watalii wa kimataifa wapatao milioni 2.4 mwaka 2024.

Nafasi za kulaza magari-nyumba basi hugombewa, na katika kugombea huko wengi hulipa kwanza na kuuliza baadaye. Kambi huchaguliwa kwa picha: gari limeegeshwa kando ya mto, moto wa kuni unawaka, mlima umesimama nyuma. Picha hiyo haisemi kama gari la mwenye kulipa litaenea katika nafasi hiyo, kama litaruhusiwa kwenye barabara iendayo vileleni, wala mto ule hufanya nini mvua inaponyesha juu ya bonde.

Ndani au nje ya lango

Uamuzi wa kwanza ni iwapo familia italala ndani ya mbuga au nje yake. Kambi za ndani husimamiwa na Idara ya Mbuga za Kitaifa ya serikali kuu, au na kampuni zilizopewa mkataba na idara hiyo. Ada zake aghalabu huwa nafuu kuliko za nje, na mgeni huamka akiwa tayari yuko mbugani kabla ya foleni ya langoni kuanza. Kasoro yake ni huduma. Kambi nyingi za aina hii hazina umeme kwenye nafasi ya gari, na maji huchotwa kwenye bomba la pamoja.

Rocky Mountain ina kambi tano za kufikiwa kwa gari: Aspenglen, Glacier Basin, Moraine Park, Timber Creek na Longs Peak. Hiyo ya mwisho ni ya mahema pekee. Timber Creek, iliyo upande wa magharibi, huwashangaza waliotarajia kivuli cha misonobari, kwani miti yake mingi ilikatwa baada ya kuuawa na mbawakawa wanaotoboa magome. Picha za zamani bado zinaionyesha ikiwa msitu.

Nje ya lango, katika miji kama Estes Park, Grand Lake, Gardiner na West Yellowstone, kuna kambi za kibinafsi zenye umeme, maji, mahali pa kufulia nguo na mara nyingi intaneti. Magari hubanana, na jirani husikika akikoroma. Biashara hii haikuanza jana. Kampuni ya KOA, ambayo alama zake za manjano huonekana kando ya barabara kuu karibu nchi nzima, ilianzia Billings, Montana, mwaka 1962 kwenye ukingo wa mto Yellowstone, ikiwalenga wasafiri waliokuwa wakielekea kwenye maonyesho ya dunia mjini Seattle.

Ipo pia njia ya tatu, ambayo ni misitu ya kitaifa inayozipakana mbuga hizi. Katika sehemu nyingi za misitu hiyo mtu huruhusiwa kulala bila malipo, kwa kawaida kwa siku zisizozidi 14. Hakuna maji, hakuna choo, hakuna wa kumwita usiku. Kwa mzoefu ni neema. Kwa familia yenye watoto na nyanya aliyeshuka ndege juzi, haifai.

Anayechagua kambi ya nje apime umbali kwa saa, si kwa kilomita, na aanze kuhesabu kutoka kambini hadi kile anachokwenda kukiona, si hadi langoni. Matangazo mengi husema kambi fulani iko "karibu na Yellowstone", ilhali mbuga hiyo ina takriban kilomita 9,000 za mraba, karibu mara sita ya Hifadhi ya Maasai Mara. Barabara yake ya mzunguko peke yake ina kilomita 228, na mwendo wa juu zaidi unaoruhusiwa kwa sehemu kubwa ni kilomita 72 kwa saa. Hapo nyati wa Kimarekani hawajaamua kulala katikati ya lami.

Kutoka West Yellowstone hadi chemchemi maarufu ya Old Faithful ni kilomita 48 hivi. Kutoka Gardiner ni kama 90. Aliyelala katika mji wa Cody ana kilomita 85 za kufika kwenye lango la mashariki kwanza, na safari yote hadi Old Faithful hukaribia kilomita 190. Kwenda na kurudi, siku imekwisha. Cody ni mji mzuri, lakini haumfai mtu mwenye siku mbili.

Huko Colorado, swali ni upande wa mlima. Estes Park iko mashariki na Grand Lake magharibi, na barabara ya Trail Ridge inayoziunganisha kwa kilomita 77 hufungwa kwa theluji kuanzia katikati ya Oktoba hivi hadi mwishoni mwa Mei. Anayeweka nafasi Grand Lake mwanzoni mwa Mei kwa nia ya kushinda upande wa Estes Park atalazimika kuuzunguka mlima kwa saa kadhaa.

Futi za gari

Tarakimu inayoamua mengi kuliko zote ni urefu wa gari, nao Wamarekani huupima kwa futi. Aspenglen na Timber Creek hupokea magari yasiyozidi futi 30, Glacier Basin futi 35 na Moraine Park futi 40. Ndani ya kambi hizo hizo zimo nafasi fupi zaidi ya viwango hivyo, kwa hiyo ni lazima kusoma maelezo ya nafasi yenyewe na si ya kambi kwa jumla.

Urefu unaohesabiwa ni wa kila kitu kilichotokeza, pamoja na kibebeo cha baiskeli na ndoano ya nyuma. Mwenye trela na pikapu huulizwa urefu wa vyote viwili vikiwa vimeungana, isipokuwa kambi ieleze vinginevyo. Kodi ya gari la futi 30 iliyofungwa baiskeli nne nyuma imeshavuka mpaka wa Aspenglen, na anayelipa faini ya usumbufu huo si mwenye gari bali aliyelikodi.

Kuna nafasi ambazo gari huingia upande mmoja na kutokea upande wa pili, na kuna zile za kuingia kinyumenyume. Kwa dereva ambaye gari lake kubwa kabisa maishani lilikuwa Probox, tena akiendesha upande wa kushoto wa barabara, tofauti hiyo si ndogo. Nafasi ya kupitiliza hugharimu zaidi kidogo lakini huokoa kioo, bawa la gari na ndoa. Aidha, ardhi iwe tambarare. Friji za gesi za mtindo wa zamani, ambazo bado zimo katika magari mengi ya kukodi, hazipoi ipasavyo gari likiwa limeegemea upande.

Baada ya nafasi ni barabara. Mfano ulio wazi kuliko yote uko katika mbuga ya Glacier, jimbo la Montana. Barabara ya Going-to-the-Sun, iliyozinduliwa mwaka 1933, ilichongwa kwenye ubavu wa mwamba kwa ajili ya magari ya zama hizo. Katika sehemu inayopanda hadi Logan Pass, gari lolote linalozidi futi 21 kwa urefu au futi 8 kwa upana, vioo vya kando vikiwemo, haliruhusiwi. Linalozidi futi 10 kwenda juu linaweza kugonga mwamba unaoning'inia.

Magari-nyumba mengi ya kukodi huvuka angalau kipimo kimoja kati ya hivyo. Maana yake ni kwamba familia iliyokodi gari la futi 25 na kulala Apgar, upande wa magharibi, haiwezi kuliendesha gari lake kupitia Logan Pass hadi St. Mary, upande wa mashariki, bali italazimika kuzunguka kusini kwa barabara kuu nambari 2. Ikiwa lengo ni kuiona Logan Pass, basi kambi ichaguliwe kwa kuangalia basi la mbuga linapoanzia, au familia ikodi gari dogo la ziada. Huko Rocky Mountain nako, barabara ya changarawe ya Old Fall River huyakataa magari yanayozidi futi 25 na matrela yote.

Umeme, maji na majitaka

Neno linalopamba matangazo ya kambi ni "huduma kamili". Maana yake ni vitu vitatu kwenye nafasi ya gari: umeme, bomba la maji na shimo la majitaka. Ndani ya mbuga zenyewe huduma hii ni adimu. Yellowstone ina kambi moja tu yenye huduma kamili, Fishing Bridge, iliyofunguliwa upya mwaka 2022 baada ya ukarabati. Katika Grand Teton ipo Colter Bay. Kambi za idara katika Glacier hazina.

Umeme nao una vipimo viwili vya kawaida. Waya wa ampea 30 kwa volti 120 hutoa wati 3,600. Kiyoyozi na birika vikiwashwa pamoja na jiko dogo la umeme, swichi kuu hukata na gari lote huzima. Waya wa ampea 50 hutumia nyaya mbili za volti 120, hivyo hufikisha wati 12,000, zaidi ya mara tatu. Magari makubwa yenye viyoyozi viwili huhitaji huo. Gari dogo halina haja ya kuulipia.

Pasipo umeme, gari hutegemea betri na jenereta. Kambi za mbuga huruhusu jenereta kwa saa chache tu za asubuhi na jioni, na usiku ni marufuku. Hili si suala la starehe pekee. Mzee anayelala na mashine ya kumsaidia kupumua hawezi kutegemea jenereta inayozimwa jioni. Familia yenye mgonjwa wa namna hiyo ihakikishe betri zinatosha kwa usiku mzima, la sivyo itafute kambi yenye waya hata kama mandhari yake ni ukuta wa duka.

Kuhusu majitaka, itoshe kusema kwamba matangi ya gari yana mwisho. Kambi isiyo na shimo kwenye nafasi iwe na kituo cha pamoja cha kumwagia, na kama hakipo, ijulikane kilipo kingine na hufungwa saa ngapi.

Mwinuko

Estes Park iko mita 2,293 juu ya usawa wa bahari, chini kidogo ya Iten. Fishing Bridge iko karibu mita 2,370, sawa na Nyahururu. Sehemu ya juu kabisa ya Trail Ridge ina mita 3,713, ambayo ni juu kuliko kambi ya Old Moses katika njia ya Sirimon ya Mlima Kenya, iliyo kwenye mita 3,300. Tofauti ni kwamba Old Moses hufikiwa na wengi kwa miguu, mwili ukizoea polepole, ilhali Trail Ridge hufikiwa kwa gari katika muda wa chini ya saa moja na nusu kutoka kambini.

Mkimbiaji wa Iten hatahisi lolote. Binamu yake aliyeishi Houston miaka kumi, karibu na usawa wa bahari, ataumwa kichwa, atakosa usingizi na huenda akatapika. Wenye maradhi ya moyo au mapafu wamwone daktari kabla ya kulipia kambi. Kulala usiku mmoja au miwili Denver, kwenye mita 1,600, husaidia, na ni heri kuchagua kambi ya chini kwa usiku wa kwanza kuliko kupanda moja kwa moja.

Gari nalo huchoka. Injini ya petroli isiyo na taabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za mwinuko, na jenereta vivyo hivyo. Huko Estes Park hiyo ni karibu robo. Jenereta iliyoendesha kiyoyozi bila taabu tambarare inaweza kushindwa hapo, ingawa usiku wa milimani mara nyingi hauhitaji kiyoyozi. Kinachohitajika ni gesi ya kupasha joto, kwa kuwa baridi ya kugandisha hutokea Yellowstone hata mwezi wa Juni na Septemba, na mpira wa maji ulioachwa nje huamka ukiwa barafu. Maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi, si 100. Atakayepika githeri aanze mapema.

Dubu na kuta za turubai

Katika Glacier, Yellowstone na Grand Teton wapo dubu wakubwa wa aina ya grizzly. Rocky Mountain ina dubu weusi, ambao ni wadogo lakini wanajua kufungua mlango wa gari. Chakula, sufuria chafu, dawa ya meno na hata sabuni haviachwi nje, na kanuni hiyo hutekelezwa kwa faini.

Baadhi ya kambi, Fishing Bridge ikiwa mojawapo, hupokea magari yenye kuta ngumu tu. Mahema hayaruhusiwi, wala matrela yanayokunjuliwa na kuwa na kuta za turubai. Kanuni hizi zina sababu. Mnamo Julai 2010, grizzly alimuua mtu mmoja aliyekuwa kwenye hema katika kambi ya Soda Butte, nje kidogo ya lango la kaskazini-mashariki la Yellowstone, na kuwajeruhi wengine wawili. Familia inayopanga wazazi walale garini na vijana kwenye hema kando yake isome kanuni kwanza.

Mto ulio kwenye picha

Nafasi za kando ya mto huuzwa ghali na humalizika kwanza. Hapo ndipo umakini unapohitajika kuliko kwingine kokote.

Mto Big Thompson huanzia ndani ya mbuga ya Rocky Mountain, hupita Estes Park, kisha huteremka katika korongo jembamba kuelekea mji wa Loveland. Jumamosi ya Julai 31, 1976, mkesha wa Colorado kutimiza miaka 100 tangu iwe jimbo, korongo hilo lilikuwa limejaa watu waliokuja kupumzika. Jioni, dhoruba ilisimama juu ya sehemu ya juu ya bonde na haikusogea. Kiasi cha milimita 300 za mvua kilinyesha kwa saa chache. Wengi waliokuwa chini zaidi hawakuwa wameona mvua ya kutisha. Walichokiona ni ukuta wa maji uliobeba mawe, magari na nyumba. Zaidi ya watu 140 waliangamia.

Kilichobainika baadaye ndicho kinachomhusu zaidi mwenye gari-nyumba. Waliotoka magarini na kupanda ubavu wa mlima kwa miguu, hata mita chache, wengi waliokoka. Wengi waliojaribu kuyakimbiza magari yao kwenye barabara iliyofuata mto walinaswa. Tangu hapo, mabango yamewekwa katika makorongo ya Colorado yakiwaagiza watu kupanda juu mafuriko yanapotokea. Ni agizo gumu kutii kwa mtu ambaye kitanda, pasipoti na fedha zake zote zimo ndani ya gari, na ambaye amelikodi kwa dhamana ya maelfu ya dola.

Haya si ya miaka hiyo tu. Alfajiri ya Julai 4, 2025, mto Guadalupe katika jimbo la Texas ulifurika na kuua zaidi ya watu 100 katika kaunti ya Kerr pekee, wakiwemo waliokuwa wamelala kwenye kambi za magari-nyumba kingoni. Wakenya nao wanakumbuka mwanzo wa Mei 2024, mto Talek ulipovunja kingo zake katika Maasai Mara, ukafunika kambi za watalii, na watu wakaokolewa kwa helikopta.

Mlima wenyewe pia huweza kushuka. Usiku wa Agosti 17, 1959, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa zaidi ya 7 lilitikisa eneo la ziwa Hebgen, magharibi mwa Yellowstone. Ubavu mzima wa mlima uliporomokea bonde la mto Madison mahali watu walipokuwa wamepiga kambi. Watu 28 walikufa, na wengi wao hawakufukuliwa kamwe. Mto ulizibwa, likatokea ziwa ambalo hadi leo huitwa ziwa la Tetemeko. Tetemeko halitabiriki, na hakuna anayeweza kuchagua kambi kwa hesabu hiyo. Mafuriko ni tofauti, kwa sababu dalili zake husomeka ardhini kabla hata ya wingu kutanda.

Kuuliza si ujinga. Anayepiga simu kambini aulize nafasi anayopewa iko juu ya mto kwa kimo gani, na maji yalifika wapi mara ya mwisho yalipofurika. Aulize kama kuna njia ya kupanda juu kwa miguu gizani bila kuvuka daraja, na nani huwaamsha wageni usiku, kwa kuwa simu nyingi za mkononi hukosa mtandao makorongoni. Kambi inayojibu maswali hayo bila kusitasita imewahi kuyafikiria. Pakiwa na nafasi mbili, moja kando ya maji na nyingine kwenye mteremko wa nyuma karibu na vyoo, hiyo ya nyuma ndiyo bora kwa usiku, na mto utaendea kutazamwa mchana.

Swali jingine ni njia za kutokea. Septemba 2013, mafuriko yalizikata barabara mbili kuu zinazopanda Estes Park kutoka tambarare, nambari 34 na 36. Oktoba 2020, moto wa East Troublesome uliruka safu ya mlima kutoka upande wa Grand Lake, na Oktoba 22 Estes Park nzima ikaamriwa kuhama. Juni 2022, mafuriko yaliibomoa barabara ya lango la kaskazini la Yellowstone na zaidi ya wageni 10,000 wakaondolewa mbugani. Kambi iliyo mwisho wa barabara isiyo na mlango wa pili ina utulivu wa kupendeza, lakini gari la futi 30 haligeuzwi kwa dakika moja. Wazoefu huliegesha likiwa limeelekea njia ya kutokea.

Nafasi na malipo

Nafasi nyingi za kambi za idara huwekwa kupitia tovuti ya serikali ya Recreation.gov, na kwa Rocky Mountain hufunguliwa miezi sita kabla. Zile za Agosti huisha mapema mno. Fishing Bridge na Colter Bay huendeshwa na kampuni zenye mkataba, hivyo hutafutwa kwa kampuni hizo.

Kulipia kambi si kuruhusiwa kuingia mbugani. Tangu 2020, Rocky Mountain imekuwa na utaratibu wa vibali vya kuingia kwa saa maalumu wakati wa msimu. Mwenye nafasi katika kambi ya ndani huhesabiwa kuwa na kibali, lakini aliyelala mjini lazima akitafute chake. Kanuni hizi hugeuka mwaka hadi mwaka. Yosemite, kwa mfano, iliuondoa utaratibu wa namna hiyo mwaka 2023 na kuurejesha mwaka 2024.

Kwa jamaa wanaotoka Kenya kuna jambo jipya. Mnamo Novemba 2025, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani, inayosimamia mbuga hizo, ilitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2026 wasio wakazi wa nchi hiyo watalipa dola 100 zaidi kwa kila mtu katika mbuga 11 zinazotembelewa sana, zikiwemo Rocky Mountain, Yellowstone, Grand Teton na Glacier, au wanunue pasi ya mwaka ya dola 250. Ile ya wakazi ni dola 80. Ada hii haimo katika bei ya kambi, na familia inayowapeleka wageni wanne iiweke kwenye hesabu yake kabla ya kuchagua gari. Masharti ya kurudishiwa fedha nayo yasomwe siku ya kulipa: kambi nyingi hukata sehemu ya malipo safari inapofutwa siku za mwisho.